Aliyekula si aliyetwikwa: Wangechi Mutu na sentensi yetu kuhusu mazingira

SENTENSI 'Binadamu ameharibu mazingira' haina kosa la kisarufi. Ina kiima, ina kiarifu, upatanisho umezingatiwa, na mtahini wa insha hataipigia mstari mwekundu. Wanafunzi wetu huiandika kila mwaka, wanasiasa huitamka wakipanda miche mbele ya kamera, nasi wahadhiri huitumia kwenye makongamano. Kwa kuwa haina kosa, hatujazoea kuihoji. Hebu tuihoji leo. Huyu 'binadamu' ni nani hasa? Alikula nini? Na alipokwisha kula, masazo alimwachia nani ayabebe?

Nimeyapata maswali haya katika filamu mbili fupi za uhuishaji za msanii wetu Wangechi Mutu. Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasomea Wales na hatimaye Marekani, ambako alihitimu shahada ya uzamili ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2000. Wengi wanamjua kwa kolaji zake za wanawake waliounganishwa kutokana na vipande vya majarida, manyoya, pikipiki na wanyama. Wengine walisikia habari zake mwaka 2019, sanamu zake nne za shaba zilipowekwa katika vishubaka vya uso wa jumba la makumbusho la Metropolitan jijini New York, vishubaka ambavyo vilikuwa vitupu kwa zaidi ya karne moja. Sanamu hizo zimeandikwa sana. Filamu zake mbili ninazozizungumzia hapa hazijajadiliwa vya kutosha kwa Kiswahili, nami naona kwamba Kiswahili kina la kusema juu yake ambalo Kiingereza hakilisemi kwa urahisi.

Ya kwanza ni The End of Eating Everything ya mwaka 2013, yaani 'Mwisho wa Kula Kila Kitu'. Mutu aliitengeneza kwa ombi la jumba la sanaa la Nasher katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na uso tunaouona ni wa mwimbaji Santigold. Anga ni ya kijivu, kama ya mji uliofunikwa na moshi. Kundi la ndege weusi linaruka. Kichwa cha mwanamke kinaingia polepole kutoka upande mmoja, nywele zikimpepea kama nyoka. Anawatazama ndege, anawanusa, kisha anawarukia na kuwatafuna huku damu ikitapakaa. Hapo ndipo picha inapopanuka nasi tunauona mwili wake. Ni dude kubwa kama sayari, lenye vidonda, magurudumu, mikono isiyo na wenyewe na mabomba yanayotoa moshi. Haliwezi kusimama wala kutua. Kazi yake ni kuelea na kula. Mwishowe linapasuka na kuwa wingu, na ndani ya wingu hilo vinatokea vichwa vidogovidogo vyenye sura ileile.

Ya pili ni The End of Carrying All, 'Mwisho wa Kubeba Yote', iliyoonyeshwa mwaka 2015 katika maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, ambayo mwaka huo yalisimamiwa na Mnaijeria Okwui Enwezor. Hii huonyeshwa kwenye skrini tatu zilizopangwa sambamba na huchukua chini ya dakika 10. Mwanamke, ambaye ni Mutu mwenyewe, anatembea kwenye uwanda mpana akiwa na kikapu kichwani. Kadiri anavyotembea ndivyo mzigo unavyoongezeka. Linatokea gurudumu la baiskeli, linatokea dishi la setilaiti, yanatokea maghorofa, unatokea mtambo wa kuchimba mafuta. Mgongo unapinda. Hatua zinafupika. Mwishowe hatuoni tena mwanamke bali rundo zito linalojikokota hadi ukingoni mwa ardhi na kuporomoka, nayo ardhi inalipuka kama volkano. Kisha filamu inaanza upya.

Tuanze na kitenzi 'kula'. Mwingereza akisema 'anakula', mawazo yake huenda mezani. Mkenya akisikia 'amekula', huuliza kwanza: amekula nini cha watu? Sisi hula chakula, lakini pia tunakula rushwa, tunakula njama, tunakula kiapo, tunakula hasara. Kuna waliokula pesa za umma na waliokula ardhi ya shule. Katika lugha yetu, kula ni suala la njaa na pia ni suala la mamlaka. Kwa hiyo mtazamaji wa Kiswahili akilitazama dude la Mutu haoni tu mlafi. Anaona mtu mkubwa. Na methali zetu zinamjua vizuri mtu huyo. 'Mla ni mla leo, mla jana kala nini?' Methali hii husemwa kwa mzaha, lakini ndiyo falsafa nzima ya uchumi unaochimba, unaokata na unaochoma bila kuwafikiria watakaozaliwa kesho. Aliyekula jana hahesabiki, na atakayetaka kula kesho hayumo kabisa katika methali.

Mutu anaielewa falsafa hiyo na anaionyesha bila kuhubiri. Dude lake halina uovu usoni. Lina uso mzuri, hata wa kuvutia, na linawatazama ndege kwa udadisi kabla ya kuwala. Hapo naona ustadi wake. Msanii wa kiwango cha chini angelipa dude hilo meno ya shetani ili mtazamaji ajitenge nalo. Mutu anampa mlaji uso wa mtu tunayeweza kumkaribisha nyumbani, kisha anatuonyesha mwili ambao uso huo umekuwa ukiulisha.

Sasa tuje kwa 'kubeba'. Kichwa cha Kiingereza kinasema tu kwamba kubeba kumefika mwisho. Kiswahili kinauliza zaidi. Sisi tuna 'kubeba' na 'kuchukua', ndiyo, lakini pia tuna 'kutwika', yaani kumwekea mtu mzigo kichwani, na 'kutua', yaani kuushusha. Wanaisimu wa lugha za Kibantu huyachukulia maneno haya mawili kuwa matawi ya mzizi mmoja wa kale, jambo linaloonyesha kwamba wahenga wetu walikuwa wakibebeshana na kupunguziana mizigo tangu enzi. Yeyote aliyewahi kuteka maji mtoni anajua kwamba mtungi ukijaa huwezi kuuweka kichwani peke yako. Unatandika ngata, unainama, na mwenzako anakutwika. Ukifika nyumbani unamwambia aliyepo, "Hebu nitue." Kubeba kwa kichwa, basi, ni kazi ya watu watatu: anayetwika, anayetwikwa na anayetua.

Itazame tena filamu ukiwa na maneno hayo. Mwanamke wa Mutu yuko peke yake. Mtambo wa mafuta unatokea kichwani mwake lakini mkono uliouweka hauonekani. Anapita uwanda mzima na hakuna anayejitokeza kumtua. Nadhani Mutu ameiweka hoja yake katika nafasi hizo mbili tupu. Swali la Kiswahili kuhusu filamu hii si 'amebeba nini', maana hilo tunaliona. Swali ni: amejitwika au ametwikwa? Na kama ametwikwa, ametwikwa na nani?

Wapo watakaosema kwamba picha ya mwanamke Mwafrika mwenye kikapu kichwani imechakaa. Ni kweli, imechapishwa kwenye postikadi na kuchongwa kwenye vinyago vya kuuzia watalii hadi ikapoteza maana. Isitoshe, wanawake wa Mlima Kenya, eneo lililo karibu na mji aliozaliwa Mutu, kwa jadi hubeba kuni mgongoni kwa ukanda unaopita kipajini, ukanda ambao Wagikuyu huuita mukwa. Hawabebi kichwani. Kwa nini basi msanii akaacha mukwa akachukua kikapu? Jibu langu ni kwamba aliitaka postikadi yenyewe. Aliichukua ile picha ambayo mgeni huitazama na kusema 'wanawake hawa wana nguvu sana', akaipakia vitu ambavyo mgeni huyohuyo hutumia, hadi postikadi ikavunjika.

Sifa hiyo ya nguvu ina historia ndefu kwetu. 'Mzigo mzito mpe Mnyamwezi.' Tumeifunza methali hii kama sifa ya uvumilivu, lakini imetoka njiani, katika misafara ya karne ya 19 iliyoteremka kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Mizigo mingi ya misafara ile ilikuwa pembe za ndovu. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi hodari, wengi wao wa kulipwa, na walijua thamani ya kazi yao. Hata hivyo, pembe zile hazikubaki Bagamoyo wala Unguja. Zilivuka bahari zikawa vibao vya piano na mipira ya biliadi Ulaya na Marekani. Ndovu waliuawa huku, mzigo ukabebwa huku, na muziki ukapigwa kule. Methali ikahifadhi jina la mbebaji na kulisahau jina la mlaji. Naona hapo kielelezo kamili cha jinsi lugha inavyoweza kuwa na kumbukumbu ya upande mmoja.

Ndiyo maana nina lalamiko kuhusu filamu hizi, nalo ni hili. Mutu amegawa hadithi moja katika kazi mbili. Mlaji yumo katika filamu ya mwaka 2013 na mbebaji katika ile ya mwaka 2015, na hawakutani. Anayeiona ya pili peke yake hutoka akiwa na huruma. Anamhurumia mwanamke maskini aliyeelemewa, anafuta machozi, anaenda kunywa kahawa. Huruma ni rahisi kwa sababu haimdai anayehurumia kitu. Anayeiona ya kwanza peke yake naye hutoka akiwa na hofu ya jumla juu ya ulafi wa 'binadamu', na hofu ya jumla nayo haimgusi mtu yeyote hasa. Zikitazamwa pamoja, kwa mfuatano, filamu hizi zinatoa mashtaka. Vile vitu vilivyo kikapuni ndivyo vilivyojaza mwili wa lile dude: magurudumu, mitambo, chuma. Mmoja amevila, mwingine ametwikwa. Ningekuwa mwenye jumba la sanaa, nisingeruhusu moja ionyeshwe bila nyingine.

Suala hili linatokota pia miongoni mwa wanasayansi. Mwaka 2000, Paul Crutzen na Eugene Stoermer walipendekeza kwamba dunia imeingia katika enzi mpya ya kijiolojia, Anthroposini, yaani enzi ya binadamu. Mwaka 2024 wanajiolojia walilikataa pendekezo la kuifanya enzi rasmi, lakini neno lenyewe limeshaenea katika fasihi, sanaa na siasa. Wahakiki kadhaa walilipinga kwa sababu nyingine kabisa: linamchanganya kila mtu katika chungu kimoja. Bara letu zima huchangia chini ya asilimia 5 ya hewa ya kaboni inayotoka duniani kila mwaka. Mfugaji wa Marsabit aliyepoteza ngamia kwa ukame na mwenye kampuni ya mafuta wote ni 'binadamu', lakini kuwaweka katika kiima kimoja ni kumtwika wa kwanza dhambi ya wa pili.

Msomaji mwerevu ataniuliza: Profesa, kwani sisi wenyewe hatuharibu? Nani anachoma makaa? Nani anatupa taka katika Mto Nairobi? Swali ni halali, na sitaki makala hii isomwe kama kisingizio. Lakini hata humu ndani mlaji na mbebaji si mtu mmoja. Mwaka 2001 serikali ilimega sehemu kubwa za Msitu wa Mau kwa tangazo rasmi. Msitu ukipungua na mito ikipungua, kiongozi aliyegawa ardhi hatembei kilomita hata moja zaidi kutafuta maji. Anayetembea ni yule yule mwenye mtungi. Wangari Maathai alilitambua hili mapema. Vuguvugu lake la Green Belt, lililoanza mwaka 1977, lilitokana na malalamiko ya wanawake wa mashambani kwamba kuni na maji safi vilikuwa vigumu kupatikana. Hakuanza na dhana ya 'mazingira'. Alianza na wabebaji, akawauliza mzigo umekuwaje mzito hivyo.

Hapa nirudi kwa sarufi, maana hii ni safu ya lugha. Kiswahili kina njia tatu za kusema jambo moja. Unaweza kusema 'Kampuni imeuchafua mto.' Mtenda yupo. Unaweza kusema 'Mto umechafuliwa.' Hii ni kauli ya kutendwa. Mtenda amefichwa, lakini mlango uko wazi na msikilizaji anaweza kuuliza 'na nani?' Halafu kuna kauli ya kutendeka: 'Mto umechafuka.' Hapa huwezi hata kuuliza 'na nani', kwa sababu sarufi imekwisha kumfukuza mtenda nyumbani. Mto umejichafukia tu, kama maziwa yanavyoganda. Sikiliza habari za jioni uone ni kauli gani inayotawala. Mazingira yameharibika. Misitu imepungua. Wanyama wametoweka. Hali ya hewa imebadilika. Ni kama vile vitu vyote vimekubaliana kuharibika bila kuguswa.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa nguva. Mwaka 2014 Mutu alifanya maonyesho London aliyoyapa jina la Kiswahili, 'Nguva na Nyoka', na mwaka 2017 akatengeneza sanamu ya shaba ya nguva aliyeketi, nusu mwanamke nusu samaki. Nilifurahi kuona neno letu likisimama London bila kutafsiriwa. Lakini neno hilo lina maana mbili. Liko la hadithi, yule mwanamke wa baharini anayewavuta wavuvi. Na liko la kweli: mnyama wa baharini anyonyeshaye, mwenye urefu wa kama mita 3, anayekula nyasi za baharini. Mabaharia wengi waliodai kuona wanawake baharini huenda walimwona huyu.

Mnyama huyu anakula, lakini nyasi alazo huota tena. Naye anabeba, maana mimba ya nguva huchukua zaidi ya mwaka mmoja, na hupita miaka kadhaa kabla jike halijazaa tena. Yaani vitenzi vile viwili vya Mutu, kula na kubeba, vimo katika maisha ya nguva kwa kipimo chake cha haki, na katika mwili mmoja. Tumemfanya nini? Ananaswa katika nyavu za jarife, na malisho yake yanaharibiwa na meli zinazokokota nyavu na uchafu unaotiririka kutoka bara. Mwishoni mwa mwaka 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi la IUCN liliwaorodhesha nguva wa Afrika Mashariki kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kuangamia. Nguva waliokomaa waliobaki wanakadiriwa kuwa chini ya 250, na kundi pekee lenye matumaini liko Bazaruto, Msumbiji.

Kwa mtoto wa Lamu au Kiunga, basi, neno nguva linaelekea kubaki na maana moja tu, ile ya hadithi. Kamusi itaendelea kutaja mnyama, lakini hakuna atakayeweza kumwonyesha mtoto kwa kidole. Na tutasema, kama kawaida yetu, 'nguva wametoweka', kana kwamba waliondoka kwa hiari yao. Sanamu ya Mutu ni nzuri, lakini inazidisha hatari hiyo kidogo, kwa sababu inamtukuza nguva wa hadithi wakati yule wa kweli ndiye anayehitaji kutajwa. Natamani siku moja msanii huyu, mwenye jicho kali namna hii, atuchongee nguva wa kawaida akila nyasi zake.

Walimu wenzangu, mnaofunza insha za mazingira, nina ombi dogo. Mwanafunzi akiwaandikia 'Binadamu ameharibu mazingira' au 'Mto umechafuka', msikimbilie kumpa alama ya vema. Mrudishieni sentensi na mwambieni aiandike upya katika kauli ya kutenda, akitaja kiima halisi: ni kiwanda kipi, ni mnunuzi gani, ni waziri wa mwaka gani, ni mimi na chupa yangu ya plastiki. Kisha aongeze sentensi ya pili yenye kitenzi 'kutwika' katika kauli ya kutendwa, aseme ni nani aliyetwikwa. Atatokwa jasho, maana atalazimika kufanya utafiti. Na akiuliza kwa nini anasumbuliwa hivyo, mwonyesheni yule mwanamke kwenye uwanda. Filamu yake huchezwa kwa mzunguko. Akishaporomoka, anatokea tena mwanzoni akiwa na kikapu chepesi, na safari inaanza. Mwulizeni mwanafunzi ni nani aliyemtwika mara hii.